Bahasha ya khaki usiifungue

Mbale, Jumapili jioni

Mpenzi Biira,

Salaam nyingi kwako, kwa mama na kwa wote hapo nyumbani. Sisi hatujambo. Watoto wazima, mguu wa baba watoto unaendelea kupona, na mvua inafika kila saa tisa mchana kama imeajiriwa. Najua umenikasirikia kwa kunyamaza tangu Pasaka. Nami nimekukasirikia kwa kubadilisha laini bila kuniambia, mpaka namba yako mpya nikaipata kwa Tezra, tena baada ya kumbembeleza. Kwa hiyo tumetoshana.

Ndani ya mzigo huu umekuta bahasha mbili: hii unayoisoma, na ile kubwa ya khaki niliyoizungushia seloteipu mpaka konda wa basi akaniuliza kama nimebeba dhahabu. Ile usiifungue. Au fungua tu, wewe si mgeni, ila makaratasi uyarudishe kwenye kavera zake mbili za plastiki vile vile. Ni fotokopi za mambo yetu yote: mkataba wa ploti, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi zao za chanjo, vitambulisho vya taifa, vyeti vyangu vya shule na karatasi za hospitali za mama mkwe zenye majina ya dawa zake za presha. Mkataba wa ploti tu ndio niliougongesha muhuri kwa wakili, maana muhuri mmoja una bei ya kuku. Nakuomba unitunzie huko Kasese, juu ya kabati, mbali na panya na mbali na Junia.

Utauliza kwa nini. Ni habari ya jirani yetu Mama Sauda.

Unajua yaliyotupata Julai 2022, usiku wa tarehe 30 kuamkia 31, mito Nabuyonga na Namatala ilipoacha njia zake ikaingia mjini. Uliponipigia asubuhi nilikuambia tuko salama, na kweli tulikuwa salama. Ila sikukueleza vizuri siku zilizofuata. Jua lilipotoka, mtaa mzima ulianika. Nguo na magodoro, ndiyo, lakini Mama Sauda alikuwa ameanika makaratasi kwenye kamba, ameyabana kwa vibanio vya nguo, moja moja. Mkataba wake wa ploti ulikuwa umekunjwa mara nne ndani ya kopo chini ya kitanda. Alipoukunjua ukaachana kwenye mikunjo, vikawa vipande, na muhuri wa LC, baraza la mtaa, ukabaki doa la zambarau. Jina la muuzaji lilisomeka nusu. Tulikaa naye tukipuliza zile karatasi kwa mdomo kama wajinga.

Basi mwaka jana muuzaji amefariki, Mungu amrehemu, na vijana wake wamekuja na futi ya kupimia. Wanadai ploti inaishia kwenye mti wa ovakado. Maana yake jiko na choo cha Mama Sauda viko kwao! Mwenyekiti aliyegonga muhuri siye aliyeko sasa. Shahidi wa kwanza yuko Juba. Wa pili anasema anakumbuka kila kitu, halafu anaomba nauli. Mwanamke ameishi pale tangu Sauda ananyonya, leo anaomba ruhusa ya kwenda chooni kwake. Nakuambia Biira, maji yalimchukulia kuku na redio, vitu hivyo alinunua vingine. Ile karatasi ndiyo bado inamla mpaka leo.

Ndipo nikawaza: makaratasi yangu yakilala Mbale peke yake, na mimi nalala Mbale, mto ukija utatuchukua pamoja. Lakini mto wa Mbale haufiki Kasese. Nanyi mna mto Nyamwamba wenu, sina haja ya kukusimulia mafuriko ya 2013 na 2020, wewe ndiye uliyeona hospitali ya Kilembe ikibebwa na mawe. Basi nitumie zako nami nizitunze. Mito miwili hii kufurika usiku mmoja, labda Mungu awe ametuchoka kabisa.

Baba watoto anacheka. Anasema piga picha uweke kwenye simu, dunia imeendelea. Picha nimepiga. Lakini simu nayo huzama, au huibwa, au huisha chaji siku ambayo umeme haupo. Nikamkumbusha Januari 2021: intaneti ilizimwa jioni ya tarehe 13, kesho yake ndiyo kura, ikarudi tarehe 18. Aliyekuwa na pesa zake kwenye simu alikuwa tajiri asiyeweza kununua chumvi. Hapo alinyamaza, kwa sababu siku zile tulikula kwa zile noti zangu za chini ya cherehani. Tangu wakati ule sikosi noti ndogondogo ndani ya nyumba, za elfu moja, elfu mbili, elfu tano. Kubwa hazisaidii, siku ya shida hakuna mwenye chenji.

Mama mkwe yeye hacheki, anakemea. Anasema ninaita balaa. Nimeweka mitungi sita ya maji, ile ya lita 20, pembeni ya jiko, na nimesema haiguswi ila kubadilisha maji kila wiki. Maana ile 2022 mji ulijaa maji na bomba likakauka, mabomba makubwa yalikuwa yamevunjika, tukawa tunatazama matope mlangoni na kiu mdomoni. Watu wa misaada wanahesabu lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika, kuoga, yote. Sisi tuko sita, kwa hiyo mitungi yangu haifiki hata siku mbili ukihesabu hivyo. Ya kunywa na kupika tu itatusogeza. Basi juzi nikamkuta mama anafua shuka kwa mtungi wa tatu. Nikamwambia, mama, haya ni ya dharura. Akaniambia shuka chafu nayo ni dharura. Ningejibu nini?

Kitu kimoja tumekubaliana wote, hata yeye: sigiri ya makaa hailali ndani. Mvua ikikaza watu wa huku huingiza sigiri chumbani wakafunga madirisha, eti joto. Ile gesi ya makaa haina harufu, unalala na huamki. Kama kwako bado mnafanya hivyo kwa ajili ya baridi ya mlimani, tafadhali.

Nimetoka kwenye habari yangu. Kuna ombi la pili, na hili ni kubwa kuliko bahasha. Namba yako nimewakaririsha watoto wote, hata yule mdogo anaiimba akioga. Siku ya 2022 kila mtu Mbale alikuwa anampigia mtu wa Mbale, simu hazikupita. Baba watoto alikuwa upande wa pili wa daraja, mimi huku, tulitafutana mpaka mchana. Nimeamua hivi: tukitawanyika, kila mmoja akipata simu yoyote anakupigia wewe. Wewe utajua nani yuko wapi, na wewe ndiye utakayetuambia. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukibadilisha laini tena nitapanda basi nije nikuchape, kama enzi zile kambini Jinja ulipoficha kiatu changu siku ya gwaride.

Mahali pa kukutana ni shule ya juu, kwenye mwinuko. Maji yakianza usiku hakuna kuuliza wala kurudi kuchukua kitu. Tulifanya jaribio Jumamosi. Mkubwa alimshika bibi mkono, wa kati akachukua ndoo yenye mfuniko ambamo makaratasi halisi yamo, mdogo akachukua mpira. Bibi aligeuka njiani akasema amesahau ugoro wake. Huyu nitamfanyaje sijui. Baada ya Bulambuli, Novemba 2024, ungemwona akilia mbele ya redio siku nzima kwa wale waliofukiwa na udongo, lakini yeye mwenyewe kumtoa ndani usiku wa mvua... haya, tuyaache.

Sasa nijibu. Bahasha imefika kavu? Junia ameanza shule, au bado mnabishana na baba yake? Mama bado anakataa kuhama kutoka kule karibu na mto? Ukimwambia neno anakusikia, au na yeye ana ugoro wake? Afande amepona lile jino? Na makaratasi yako utayatuma lini, kwa basi au kwa mkono wa Tezra akija mwezi ujao? Asiyaweke kwenye mkoba wake ule wenye mafuta ya nywele, namjua. Na ile hela ya gauni langu la gomesi, Biira, unaikumbuka kweli, au nayo ilibebwa na Nyamwamba?

Wako,
Khainza