Neema, soma kila neno

Helena, Montana
Jumapili usiku, mwezi wa pili

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Barua hii nimemtumia Neema, sikumtumia Kulwa, na nimefanya hivyo makusudi. Neema, kaeni sebuleni, umsomee bibi yako kila neno, hata pale mjomba wako atakapoanza kukohoa au kukumbuka ghafla kwamba kuna mtu anamsubiri mwaloni. Akitaka kutoka, mwambie pacha wake amesema akae.

Mimi mzima. Kazi ipo. Mwezi wa kumi na mbili walinipunguzia saa kidogo, imeshapita hiyo. Leo nina habari ya samaki.

Mama, nimevua trauti wa sentimita 58, katikati ya baridi hii, kwa nzi niliyemfunga mwenyewe mezani kwangu. Nasema nzi, lakini ni uzi mweusi uliozungushwa kwenye ndoano ndogo kama punje ya mchele, pamoja na unyoya kidogo wa shingo ya jogoo. Ukiidondosha sakafuni huioni, utaipata kesho kwa kisigino. Kwa ndoano hiyo nimemtoa huyo bwana Mto Missouri, chini ya bwawa la Holter, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka hapa. Kuna watu wamezaliwa kando ya mto huu na wanamaliza msimu mzima wa baridi hawajamgusa wa namna hiyo. Mwambieni na baba mdogo Mabula, yeye aliyesema nimekuja Marekani kusahau uvuvi.

Najua mtauliza mto unavuliwaje wakati nje kumeganda. Maji yanayotoka chini ya bwawa hayagandi kirahisi. Kule kilindini huwa na nyuzi 4 hivi, hata kama hewa juu iko 15 chini ya sifuri. Samaki naye damu yake hufuata maji, kwa hiyo miezi hii ni mvivu kama mbuzi wa mchana. Hakai penye mkondo. Anatafuta shimo lililotulia, anajilaza karibu na chini, na chakula hakifuati. Chakula kimfuate yeye mdomoni. Basi unamtupia palepale, unamtupia tena, mara mia. Kila baada ya dakika chache pete za fimbo zinajaa barafu na mshipi haupiti, unaichovya fimbo mtoni, barafu inaachia, unaendelea. Wala hakuna kudamka. Mvuvi wa huku anafika majini saa tano asubuhi ameshakunywa chai, saa tisa anarudi kwake. Baba angecheka mpaka akae chini.

Kitu kimoja sikukitegemea. Chakula cha trauti wakati wa baridi ni kadudu kadogo kanakotoka majini hata theluji ikianguka. Kalinitua kwenye glovu nikakaangalia kwa muda mrefu. Ni ukoo mmoja na wale wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi wa nyumba inayoungua upande wa Ukerewe, kisha upepo unawaleta mnakimbilia kufunga madirisha na kufunika ugali. Huku wanapanda watano, kumi. Miaka yote nilikuwa nawatema mate wale, sikujua kuna siku nitawakumbuka.

Samaki nilimrudisha mtoni. Mama, usishike kichwa. Ndiyo utaratibu wa wenzangu: ndoano haina kijino cha kumzuia, unaitoa akiwa bado majini maana ukimnyanyua kwenye baridi ile matamvua yanaganda, halafu unamwachia. Nalipia kibali, nalipia mafuta, nasimama mtoni mpaka miguu inakuwa ya mtu mwingine, kisha naiangalia mboga ikienda zake. Nimeshaeleza kwenye simu mara tatu na bado baba mdogo anauliza nani kaniroga.

Ila samaki akirudi mtoni, ushahidi umekwenda naye. Hapo ndipo pana maneno.

Kirumba mwaloni huwezi kudanganya kilo. Mizani iko pale, mchuuzi yuko pale, sangara kalala kakodoa macho. Ndiyo maana fiksi za wavuvi wetu ni za upepo, mashine na nyavu. Huku mizani hakuna, kwa hiyo fiksi zote ni za samaki mwenyewe. Tukitoka majini tunasimama nyuma ya magari na chupa za kahawa, na hapo ndipo samaki wanapokua. Kuna mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, alipoteza trauti chini ya daraja mwezi wa kumi na moja. Alikuwa wa kilo mbili. Krismasi akawa wa tatu na nusu. Juzi tumeambiwa samaki yule aliukata mshipi kwa meno, makusudi kabisa, akamtazama mzee usoni ndipo akaondoka. Hakuna anayebisha. Mwingine ana trauti anayewaonya wenzake kila akisikia gari lake linaegeshwa. Watu wanatikisa vichwa, kila mmoja anangoja zamu.

Zamu yangu ilipofika nikasema kweli. Nikawaambia sangara hufika mita mbili na kilo mia mbili. Nikawaambia na yule wa marehemu baba, kilo 92, alivyobebwa na watu wawili kwa mti mabegani, mkia ukiburuta mchanga wa Igombe. Mama, wakapiga makofi! Wakasema hiyo ndiyo fiksi ya msimu, wakanimiminia kahawa, fundi bomba akanipa mkono. Nilicheka nao. Nilipoingia kwenye gari sikuwasha haraka.

Na huyu trauti wa kahawia wanayemsifu, mayai yake yaliletwa kwa meli kutoka Ujerumani mwaka 1883. Trauti wa asili wa milima hii, mwenye mstari mwekundu chini ya taya, amesukumwa huko juu kwenye vijito. Ni hadithi ya baba ileile, ya sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 akaja kuwamaliza furu, wale samaki wadogo wa asili. Niliwasimulia na hiyo. Hiyo wakaiamini.

Sasa Kulwa. Bado upo?

Msimu mzima nimesimama na waongo waliobobea, sikio langu limenoleka. Ujumbe wako wa kwanza wa sauti ulisema upepo uliwakuta kati ya Igombe na Bezi, mko watatu, mashine ya mtumbwi ikazama. Wa pili mko watano, na wimbi lilikuwa kama nyumba. Kwenye simu wimbi likawa kama Jiwe la Bismarck, nawe ukaogelea na karabai mkononi. Karabai, Kulwa! Tangu muanze kutumia taa za sola ni miaka mingapi? Lakini hata hiyo ningeimeza. Iliyonikwama ni kwamba mlikuwa kwenye dagaa. Usiku uleule Neema alinitumia picha ya mwezi juu ya mawe, duara kama sinia, akaandika "mjomba, ona kwenu". Tangu lini watu wa Igombe wakawaitia dagaa taa mbalamwezi? Hata mtoto wa chekechea anajua siku hizo watu wanashona nyavu.

Mashine haikuzama. Imeuzwa au imewekwa rehani, na mbele ya Mama sitaki kujua kwa nani. Niliilipia kwa miezi minane ya zamu za usiku. Hela inauma, nisiseme haiumi. Lakini kinachonikesha ni kwamba ulinidanganya kizembe, mimi niliyelala nawe tumbo moja. Yule fundi bomba angalau fiksi yake anailea.

(Na usiniulize ile 58. Nilipimia kwenye fimbo, mkono ukitetemeka. Ikipungua, haishuki chini ya 52.)

Mama, hela ya dawa na ada ya Neema inakuja Ijumaa kama kawaida. Ya mashine nyingine sitampa Kulwa mkononi. Nitaongea na mwenye duka mjini, baba mdogo Mabula akaichukue, risiti iandikwe jina lako. Kulwa ataiendesha, mvuvi ni yeye, hilo sibishi. Na ile ya kwanza ikionekana kabla ya Pasaka, sitauliza ilikuwa wapi.

Mtoto wa mwalimu anarudi huku mwezi wa tatu. Mpeni michembe, na dagaa walioanikwa kwenye chanja, nisiletewe mchanga. Mpeni na picha ya baba, ile ya juu ya kabati, kasimama na sangara, kofia imemshukia jicho moja. Neema, itoe kwenye fremu taratibu, kioo kimepasuka kona ya chini. Usiipige kwa simu, watasema nimeitengeneza kwenye kompyuta. Naitaka yenyewe, yenye mhuri wa studio nyuma. Nitaitia kwenye mfuko wa nailoni, niende nayo mtoni, na zamu yangu ikifika sisemi neno.

Mtoto wako,
Doto

Neema, nijibu wewe: amekohoa mara ngapi?