Aliyekufa kwenye ajali ya lori naye ni shujaa

Mhariri, habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, naomba mnivumilie maana nina jambo limenikaa kifuani tangu Siku ya Mashujaa iliyopita.

Siku ile, tarehe 25 Julai, tulikuwa tumekaa na mzee wangu nyumbani Kwimba tunaangalia kwenye tivii viongozi wanavyoweka mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, na yule mzee aliyepigana vita anaweka shoka. Mzee akasema taratibu "na mdogo wangu yumo humo". Kuna kijana wa jirani alikuja kuchaji simu, akauliza, alipigwa risasi wapi? Mzee akajibu hakupigwa risasi, lori lilipinduka. Yule kijana akasema aaah, kumbe ajali tu. Hakuwa na nia mbaya najua, lakini mzee aliinuka akaenda zake zizini na hakurudi mpaka taarifa ya habari ikaisha. Hilo "tu" ndo limenifanya niandike.

Baba mdogo, huyo mdogo wake mzee aliyefia kwenye vita ya Kagera, alikuwa mkulima. Alizaliwa 1957, kitindamimba, akaishia darasa la saba, kazi yake ikawa pamba, mtama na ng'ombe. Wanasema hakuna aliyemfikia pale kijijini kwa kulima na plau, mstari wake ulikuwa umenyooka kama kamba, na maksai walikuwa wanamsikia yeye kwa mluzi bila fimbo. Mwaka 1974 kwenye Operesheni Vijiji familia ilihamishwa, ikaanza upya kwenye pori, huyo kijana wa miaka 17 ndo aling'oa visiki karibu shamba zima na kaka yake. Lile shamba bado tunalilima sisi mpaka leo.

Halafu ikaja ile Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakaingia Kagera, wiki ile ile daraja la Kyaka likavunjwa. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akahutubia, uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo, watu wamejazana kwenye redio moja ya betri kijiji kizima. Baba mdogo alikuwa ameshapitia mafunzo ya mgambo, basi jina lake likasomwa. Waliwachukua uwanja wa shule ya msingi, ana blanketi moja na viazi vya kukausha ambavyo bibi alimfungia kwenye kitambaa. Miaka 21. Hakuwa ameoa, mahari ilikuwa inasubiri pamba ya msimu ule.

Tunachojua cha vitani tulikipata kwa mwenzake aliyerudi mwishoni mwa 1979 akaja nyumbani kutoa pole. Alisema walitembea kwa miguu, Mutukula, Masaka, mpaka Lukaya ambako barabara ya Kampala inapita katikati ya kinamasi cha mafunjo, pembeni huwezi kutoka. Jioni ya Machi 10 Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakaanza kuvurumisha maroketi. Wao walikuwa brigedi ya 201, wengi wao mgambo na vijana wapya, hawajawahi kusikia kitu kama kile. Maroketi mengi yalipita juu ya vichwa vyao lakini ule mlio uliwatosha, wakarudi nyuma kwa kutawanyika. Yule mwenzake alilisema hili bila kuficha na mi namheshimu kwa hilo. Kesho yake alfajiri brigedi ya 208 ikawa imeshawazunguka maadui na kutokea nyuma yao upande wa Kampala, na hao hao mgambo waliokimbia usiku wakageuka wakaenda mbele, baba mdogo akiwemo. Aprili Kampala ikaanguka.

Akafa Mei, vita imebaki huko kaskazini, yeye yuko nyuma ya lori usiku barabara imekatika kwa mvua. Wakati ule serikali ilichukua hata malori na mabasi ya watu binafsi kwa ajili ya vita, madereva hawalali, magari yamechoka. Lori likapinduka, basi.

Sasa mhariri naomba wasomaji wako wajue kitu kimoja. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba askari wetu waliofariki vita ile ni 373, na waliouawa kwenye mapigano yenyewe ni 96. Yaani wengi zaidi waliondoka kwa sababu nyingine, na ajali za barabarani ndo zinatajwa sana. Ukisema hao walikufa "ajali tu" umefuta karibu robo tatu ya vijana wetu, na wengi wao ni watoto wa wakulima kama huyu wetu waliotoka shambani miezi michache tu kabla. Nani angekuwa kwenye lile lori usiku ule kama si vita? Makamanda tunawajua hadi majina ya utani, Mti Mkavu, Black Mamba, na wanastahili kabisa. Hawa wengine hata kwenye kata zao huwezi kukuta jina limeandikwa ukutani. Ombi langu kwa halmashauri zetu, kila kata iandike majina ya vijana wake waliofariki kwenye vita ya Kagera, pale ofisini au shuleni walikochukuliwa, wote, wa risasi, wa lori na wa malaria, na wafanye sasa maana wazee wanaowakumbuka kwa majina wanaisha.

Kuna barua yake moja, mzee anaitunza kwenye kopo la majani ya chai. Ni karatasi ya daftari, penseli imefifia, aliiandika Masaka baada ya Lukaya. Vita hakuitaja hata neno. Ameuliza palizi ya pamba imefika wapi, na kuhusu yule maksai mweusi ambaye nira ilimchubua shingo, ameandika usimfunge mpaka kidonda kikauke kabisa, mpake mafuta, mwache apumzike hata kama mtachelewa. Mzee alimjibu siku ile ile kwamba kidonda kimepona na dume anakula vizuri, barua akampa mtu aliyekuwa anakwenda Bukoba.

Kwa hiyo kama kuna mzee yeyote anayesoma gazeti hili alikuwa na vijana wa Kwimba kwenye 201, au alikuwa kwenye lori lililopinduka Mei ile wakielekea kaskazini, naomba aache ujumbe hapo ofisini kwenu nitaufuata mwenyewe. Mzee amevuka 70 sasa na anachotaka kujua ni kama ile barua ya majibu ilimfikia mdogo wake.

Msomaji wenu,
Kwimba, Mwanza