Harley Earl mmemsahau vipi?

Ndugu mhariri,

Ile makala yenu ya historia ya magari nimeisoma yote hapa gereji, nasubiri jina la Harley Earl, yule mbunifu wa shepu za magari wa General Motors, litajwe mpaka ikaisha. Henry Ford mwanzo mwisho. Sawa, Ford aliuza Model T milioni 15 na ushee, lakini zaidi ya miaka 10 rangi ilikuwa nyeusi tu na shepu ni kibanda cha tiketi kimefungwa matairi. Aliyefanya watu wageuze shingo gari ikipita ni huyu Earl.

Mimi ni fundi bodi, kunyoosha bati na kupiga puti, ile dawa ya kuziba mabonde ya bodi, ndo maana namkubali. Mzaliwa wa Los Angeles, 1893, baba yake alikuwa na karakana ya magari ya farasi, magari ya injini yalipoingia wakahamia kutengeneza bodi zake, kijana akawa anawaundia mastaa wa sinema wa Hollywood gari za oda. Huko ndo wakubwa wa Cadillac, tawi la magari ya kifahari la General Motors, wakamuona. Akawatolea shepu ya gari ya LaSalle ya 1927, na mwaka huohuo Alfred Sloan, bosi wa General Motors, akampa idara yake ya shepu na rangi, mainjinia wakawa wanaicheka eti saluni.

Sasa utamu uko kwenye udongo. Wengine enzi hizo, modeli ya gari kabla haijaundwa wanachonga mbao na kugonga bati, ukikosea kona umekula hasara, yeye anabandika udongo juu ya fremu, hajapenda anakwangua, anaongeza, anarudi nyuma hatua kumi anaangalia tena, yaani kama sisi na puti tu ila yeye ni gari zima. Mpaka leo na kompyuta zote hizi makampuni makubwa bado yanachonga udongo. Na penseli mwenyewe alikuwa haishiki sana, anakaa anaelekeza vijana, hapo shusha, hapo vuta.

Alitaka gari ndefu, iliyolala chini. Buick Y-Job ya 1938 haikuuzwa, alikuwa anaitembelea mwenyewe, taa za mbele zinajificha, vioo vinapanda kwa umeme. 1938 jamani! Halafu yale mapezi ya nyuma ya Cadillac ya 1948, wazo kalitoa kwenye ndege ya kivita P-38, ile ya mikia miwili. Corvette ya 1953 yenye bodi ya faibaglasi nayo ni ya enzi zake.

Ila msimpambe tu. Yeye na Sloan ndo waliozoesha watu kwamba kila mwaka shepu inabadilika, ya mwaka jana ionekane kuukuu wakati injini bado inadai, na walifanya makusudi kabisa, wala hawakuficha. Mapezi yakazidi kupanda mpaka Cadillac ya 1959, bati lote lile halibebi kitu, na likigongwa anayelinyoosha ni mtu kama mimi. Mwishoni hata vijana wake walichoka, walipoziona Chrysler za 1957, za wapinzani wao, zilivyo nyembamba wakaanza kuchora upya mzee akiwa safarini Ulaya. Karudi, kaangalia, kakubali. 1958 akastaafu.

Mkiandika sehemu ya pili wekeni picha ya Y-Job ya ubavuni, sio ya mbele. Uzuri wake wote uko ubavuni.

Fundi bodi, Mbeya