Kwa Atupele, Kuhusu Moyo Unaokwenda Mbio

Mwanjelwa, Mbeya
Julai

Mpendwa rafiki yangu Atupele,

Salamu nyingi kutoka Mbeya, ambako baridi ya mwezi huu inatufanya tuchelewe kufungua maduka. Barua yako niliipokea kutoka kwa shemeji, nami nimeisoma kwa makini, hasa pale unapoeleza kwamba mwalimu mkuu akipandisha sauti ofisini, hata kama anamkemea mtu mwingine, mikono yako hutetemeka ukashindwa kushika kalamu, na kwamba ulipojaribu lile zoezi la kufumba macho na kufuata pumzi, ulimwona baba yako mdogo amesimama mlangoni na mkanda wake.

Naomba nianze na hilo la kufumba macho, kwa kuwa ndilo lililokukatisha tamaa. Wanaowafundisha mazoezi haya watu waliokulia katika vipigo wanalijua vizuri. Mtoto aliyezoea kusikiliza hatua za mtu mzima zikikaribia mlango huuzoeza mwili wake kukesha, na mwili huo ukiamriwa ghafla kufumba macho na kutulia, huhisi umenyang'anywa ulinzi. Kwa hiyo usifumbe macho. Pumzi nayo iache kwanza, maana kwa watu kama sisi hofu hubana kifua mapema sana. Anzia mbali nacho, kwenye nyayo na viganja.

Mimi hufanya hivi nikiwa kwenye cherehani. Mteja akija na kelele kwamba sare ya mwanawe haijaisha (na wapo wanaoleta kitambaa jioni wakitaka shati asubuhi), nikahisi joto linapanda shingoni, huacha kukanyaga cherehani, nikaweka nyayo zote mbili sakafuni na kuzikandamiza hadi ubaridi wa saruji upenye kwenye kandambili. Kisha huweka kiganja juu ya gurudumu la cherehani, nikahisi chuma chake na pale rangi ilipobanduka. Hutazama vilivyopo mezani na kuvitaja kimoyomoyo: chaki, mkasi, kipande cha kitenge, vifungo vyeupe. Husikiliza sauti iliyo mbali kuliko zote, ambayo mara nyingi ni honi ya bajaji upande wa Kabwe. Hapo ndipo ninapoirudia pumzi, nikiitoa taratibu zaidi kuliko nilivyoivuta, kwa sababu mtu anapotoa pumzi mapigo ya moyo hupungua kasi kidogo. Mwisho hujiambia: mimi ni mtu mzima, niko dukani kwangu, huyu ni mteja. Yote hayo hayazidi dakika tatu, na mteja hudhani natafuta sindano.

Wewe huna cherehani, lakini una ukingo wa meza, kikombe cha chai ya moto, na hiyo baridi ya Makambako ambayo haihitaji kutafutwa. Fanya zoezi hata siku ambazo hakuna aliyekugombeza, kwa mfano wakati unasubiri maji yachemke au kabla kengele ya kipindi haijalia, kwa kuwa mwili hujifunza vizuri zaidi ukiwa mtulivu, na siku ya kelele utakuwa tayari unaijua njia.

Mafunzo kamili ya namna hii yaliyoanzishwa na mtaalamu Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, huchukua majuma 8 na hudai muda mrefu kila siku. Sina ugomvi nayo, ila sioni ni mama gani wa watoto watatu atakayeyamaliza, na kwa mtu mwenye historia kama yako, dakika chache anazoweza kuzikatisha mwenyewe wakati wowote ni salama zaidi kuanzia.

Usijione dhaifu kwa kutetemeka ukiwa na umri huu. Madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha mwaka 1998 utafiti wao uliofanyika Marekani, ukaonyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia mateso mengi utotoni, ndivyo uwezekano wake wa kupata sonona na hata maradhi ya moyo ukubwani unavyoongezeka. Hapa kwetu, katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Ofisini mwenu, basi, huenda si wewe peke yako unayeshtuka.

Lakini zoezi hili lisikufanye uvumilie yasiyovumilika. Kama mwalimu mkuu anawadhalilisha walimu mbele ya wanafunzi, hilo ni jambo la kushtakiwa kwa wakubwa wake, si la kupumulia. Wala sikuombi umsamehe baba mdogo au usahau. Wanaotuambia tusahau yaliyopita mara nyingi ndio waliokuwa wakisikia vilio vyetu wakanyamaza.

Umeniandikia pia kwamba usiku hulali, na kuna siku huoni sababu ya kuamka. Hayo yamezidi dakika tatu za nyayo na viganja, Atupele, nami nakusihi umwone daktari au mshauri nasaha hospitalini juma hili hili. Nimemwomba jirani anishikie duka Alhamisi, nitapanda basi la alfajiri. Kama utapenda twende pamoja, mimi nitakusubiri nje kwenye benchi.

Wako akupendaye,
Tumpale