Shemeji, Johan Santana hakustahili kura kumi tu

Shemeji,

Ile sauti uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza mpaka mwisho, na kicheko chako pia. Nakujibu hadharani makusudi, maana kwenye simu huniachi nimalize sentensi. Unasema Johan Santana, mrushaji wa besiboli aliyekwisha kustaafu, hana nafasi katika Ukumbi wa Umaarufu wa mchezo huo kule Cooperstown kwa kuwa alishinda mechi 139 tu. Hiyo "tu" ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kwa wanaotusoma na hawaifuati besiboli: mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, huandikiwa ushindi ikiwa timu yake inaongoza wakati anapotoka na uongozi huo ukadumu hadi mwisho. Wenzake wasipofunga, hapati kitu hata arushe kama malaika. Ni sawa na kumpima golikipa kwa mabao ya mshambuliaji wake. Kipimo cha haki zaidi ni wastani wa pointi anazofungwa kwa kila vipindi tisa, bila kuhesabu zile zinazotokana na makosa ya walinzi. Ukiwa mdogo, ndivyo bora.

Sasa tazama mwaka 2005. Bartolo Colón alishinda mechi 21 kwa wastani wa 3.48. Santana alishinda 16, wastani wake 2.87. Tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, akapewa Colón. Santana alikuwa ameichukua 2004 na akaichukua tena 2006, mara zote mbili bila mpiga kura hata mmoja kumweka mwingine mbele yake. Wangehesabu vizuri, angekuwa nazo tatu mfululizo, na leo mimi na wewe tungekuwa tunabishania mambo mengine.

Nyinyi watu wa New York mlimpata 2008 kwenye timu yenu ya Mets, akawarushia kwa wastani wa 2.53, bora kuliko wote katika ligi yenu. Sisi wa Minnesota ndio tuliomwona akiwa mbichi, kijana wa Tovar, Venezuela, na ule mpira wake wa polepole. Mkono ulikwenda kwa kasi ile ile ya mpira wa moto, mpigaji akazungusha gongo kwa nguvu zake zote, na mpira bado uko njiani. Watu wazima walikuwa wanapiga hewa.

Kisha bega. Alipasuliwa 2010, msimu wa 2011 hakucheza kabisa. Tarehe 1 Juni 2012 akarusha mipira 134 dhidi ya St. Louis, na hakuna mpigaji aliyepata hiti, yaani kuupiga mpira na kufika kituo salama. Mets walikuwa wamecheza tangu 1962, mechi zaidi ya 8,000, bila mrushaji wao yeyote kufanya hivyo. (Ndiyo, najua, ule mpira alioupiga Beltrán wa St. Louis uligusa chaki ya mstari wa pembeni, na ungekuwa hiti. Mwamuzi alisema umetoka, basi umetoka.) Msimu huo ukawa wake wa mwisho katika ligi kuu.

Hapo ndipo hoja yako ina uzito, nakubali: misimu 12 ni michache. Lakini Sandy Koufax, mrushaji wa zamani, naye alicheza 12, na sita ya kwanza ilikuwa ya kawaida sana, ushindi 36 na vipigo 40. Aliingia Ukumbini 1972 kwa ajili ya miaka yake michache ya moto. Utaniambia Koufax ana mataji, na Santana hakufika fainali ya Msururu wa Dunia hata mara moja. Sawa. Simweki juu ya Koufax. Nasema mlango ule ule ulikwisha kufunguliwa kwa mtu wa aina yake.

Kinachoniudhi hasa ni namna alivyotolewa. Waandishi wanaopiga kura hutakiwa kumpa mchezaji asilimia 75 ili aingie. Akipata chini ya 5, jina linafutwa kwenye orodha yao moja kwa moja. Mwaka 2018 kura zilikuwa 422. Santana alipata 10. Mwaka huo huo kamati ya Ukumbi, inayowapima walioachwa na waandishi, ikamwingiza mrushaji Jack Morris, mwenye ushindi 254 na wastani wa 3.90. Hapa Minneapolis ukimsema Morris vibaya hupati wa kukusalimia, kwa sababu ya vile vipindi kumi alivyoirushia timu yetu katika fainali ya 1991 bila kufungwa, nami simsemi. Lakini waandishi walimjadili Morris miaka 15. Santana hakupewa hata wa pili.

Imebaki kamati ile: watu 16, zinahitajika kura 12, na lazima kwanza mtu aliweke jina lake mezani.

Na wewe, shemeji, ndiye uliyefurahi 2025 mrushaji Félix Hernández alipoanza na asilimia 20.6 ya kura za waandishi. Félix ana ushindi 169, wastani wa 3.42, Cy Young moja, na hakucheza mechi ya mtoano hata moja. Nieleze, polepole na bila kucheka, huyo anamzidi Santana kwa kipi.