Anasema najichosha bure

Anti shikamoo, samahani kwa kuandika usiku huu, usingizi umegoma kabisa na mume wangu hapa pembeni anakoroma kama hajasema kitu. Naomba usinitaje jina.

Jana alisema mbele ya wifi na watoto kwamba najichosha bure. Bure, anti. "Mwangalie mwenzio mwezi mmoja tu kapungua, wewe kila siku mazoezi mazoezi na mwili ni ule ule." Wifi akacheka, mimi nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Mwili ule ule kivipi? Nilianza kwa sababu presha ilikuwa inapanda na mama yangu aliondoka na presha hiyo hiyo, sio kwa ajili ya urembo wala mwanaume. Nesi aliyenipima aliniambia nisitake makubwa, nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki inatosha, na hata ukipungua asilimia 5 tu ya uzito wako presha na sukari vinaanza kukaa vizuri. Nikafuata. Sijinyimi, nakula ila nusu ya sahani ni mboga, wanga nimepunguza, soda nimeacha, vya kukaanga mara moja moja maana nikijikataza kabisa ndo navitamani zaidi. Natembea harakaharaka nusu saa siku tano za wiki, zile dakika 150 kwa wiki za Shirika la Afya Duniani (WHO), na siku mbili napiga skwoti na pushapu za ukutani chumbani nimefunga mlango. Nafunga kwa sababu yake, akinikuta anauliza "bado tu?"

Ni kweli mzani umesimama. Mwanzo ulikuwa unashuka vizuri, sasa hivi wiki zinapita namba haisogei, siku nyingine unapanda kilo nzima wakati jana yake nimekula vizuri tu. Najua, usinielekeze hapo, mwili ukipungua na matumizi yake yanapungua, na kilo ya ghafla namna hiyo ni maji, chumvi au siku zangu zinakaribia, mafuta hayaji kwa usiku mmoja. Lakini sketi ya kazini iliyokuwa haifungi zipu sasa naibana na pini isidondoke, presha imeshuka, ngazi napanda huku naongea na simu. Hivyo haoni. Anaona mzani, na wala simuonyeshi, anachungulia.

Wifi anakunywa chai ya kupunguza tumbo na anakula mlo mmoja kwa siku. Simsemi vibaya, nampenda, ila anashinda chooni na juzi kizunguzungu kilimshika amesimama jikoni. Kuharisha kunatoa maji anti, sio mafuta, na ukijishindisha njaa namna hiyo unapoteza na misuli, ukirudi kula kawaida kilo zinarudi. Nikisema hivyo naambiwa nina wivu. Wivu wa nini? Basi mume wangu kaniletea na mimi boksi la hiyo chai, kaliweka mezani wifi akiwepo, halina hata maandishi ya kilichomo ndani, na anajua niko kwenye dawa za presha.

Sijali anachosema, kweli sijali, mwili ni wangu. Ila natamani siku moja aniangalie aseme mke wangu umepungua. Hata asiseme kupungua, aseme tu naona unavyojitahidi. Nilimwomba tuwe tunatembea wote jioni akakataa, na sasa hivi hata akitaka sitaki, labda aombe yeye mwenyewe.

Usiku huu nimelifungua boksi. Sijanywa, nimenusa nikarudisha. Nawaza ninywe wiki moja tu, mzani ushuke, nimnyamazishe, halafu nirudi kwenye utaratibu wangu. Kuna ubaya kwa wiki moja? Na hizi dawa ninazomeza je? Au nimwambieje aliondoe hilo boksi humu ndani bila kuwa ugomvi, maana wifi atasikia na sitaki mume wangu aonekane mbaya. Usiniambie niachane naye, sio mtu mbaya, ila ile ya najichosha bure, mbele ya watoto, sijui naitoaje moyoni. Nijibu kabla ya wikiendi anti, wifi anakuja tena.