Usije Kwanza

Bukavu, 9 Februari 2025

Mwanangu,

Nimepata ujumbe wako kwamba mkutano wa marais umekwisha jana huko Dar, wametaka mapigano yasimame, na wewe sasa unapanga kupitia Kigoma na Uvira uje. Usije. Kagame alikuwepo, Tshisekedi alionekana kwenye video tu, na huku bado hatujaona kilichobadilika. Tarehe 3 waasi wa M23 walitangaza kwamba watasitisha vita kuanzia kesho yake, na kwamba Bukavu hawaitaki. Tarehe 5 Nyabibwe, kwenye njia ya kuja huku kwetu, ikawa yao. Wewe uliyesoma kuliko sisi wote, hilo umelisomaje?

Na ile video ya vifaru vinavyoungua, eti ni Kavumu, penye uwanja wetu wa ndege! Lami kavu, vumbi linatimka, na huku kwetu mvua haijakatika tangu Alhamisi. Unawatumia shangazi zako, halafu mimi ndiye napigiwa simu usiku kucha.

Mimi namuuliza mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anayetoka Kalehe: jana umelala wapi? Kwenye kizuizi cha barabarani umemlipa nani? Kinshasa wakisema hali imedhibitiwa bila kutaja kijiji, naanza kuhesabu vijiji. Wale wengine nao huteka mji kwenye simu kabla hawajaufikia. Goma waliitangaza tarehe 27 Januari, na risasi zikaendelea siku kadhaa baadaye. Juzi wake wa askari hapa jirani walikuwa wanafunga magodoro kwa kamba. Hilo hakuna redio iliyolisema.

Mwaka 2004, waasi walipouteka mji huu, tulikaa kusubiri redio. Baba yako alitaka tuondoke mapema, na mimi nikasema… haya, tuyaache.

Najua unakuja kwa ajili yetu, na majirani nimeshawaambia una moyo gani. Lakini ukikwama Uvira, nitakuwa na kazi ya kukutafuta wewe. Tukilazimika, tutavuka mto Ruzizi hadi kwa mama yako mdogo. Fanya mitihani. Usije.

Mdogo wako haendi shule tangu Ijumaa, anashinda jikoni anamaliza mkate. Makala ya kupikia yamepanda bei, napika mara moja tu kwa siku. Bati la upande wa choo linavuja tena. Ukipata pesa, itume kwa namba ya dada yako, yangu imefungwa, aninunulie dawa ya presha. Mwambie asichukue ile ya mara ya mwisho, inanivimbisha miguu.

Mama yako